Sura ya Saba: Njia Ina Wenyewe

Tukuyu hakuna mbio za tambarare. Ukitoka mlangoni mwako ama unapanda ama unateremka, na mara nyingi unafanya yote mawili kabla hujafika dukani. Mji upo takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kaskazini yake umesimama Mlima Rungwe, mita 2,960. Kusini ardhi inaporomoka kuelekea Kyela hadi Ziwa Nyasa, ambalo halifiki hata mita 500. Kati ya kilele cha mlima na mchanga wa ufukwe wa Matema kuna tofauti ya karibu mita 2,500. Anayeanzia juu alfajiri huvaa sweta na kofia ya sufu. Akifika chini anatafuta kivuli cha mwembe.

Katikati ya hapo kuna kila anachokitamani mkimbiaji wa masafa marefu. Kuna mashamba ya chai ya Katumba, migomba hadi macho yachoke, Ziwa Ngozi lililotulia ndani ya shimo la volkano, Mto Kiwira unaopita chini ya Daraja la Mungu, maporomoko ya Kaporogwe, na Ziwa Kisiba kule Masoko. Kuna pia mvua, na mvua ya Tukuyu haina mzaha: ni miongoni mwa maeneo yanayopata mvua nyingi zaidi nchini, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka.

Mahali kama hapa, mtu akianza kukimbia kwa ajili ya afya hukuta amenogewa. Mwalimu aliyeanza na kilomita 5 baada ya vipindi anajikuta Jumamosi amekwenda hadi Kiwira na kurudi. Muuguzi aliyetoka zamu ya usiku anakatisha kwenye chai badala ya kwenda kulala. Miaka miwili ikipita, swali linakuja lenyewe: jasho lote hili, haliwezi kuniingizia hata hela ya raba?

Linaweza. Ila kitakachokupa hela si miguu yako. Ni ujuzi wako wa njia na uhusiano wako na watu wanaoitumia kila siku kwa shida zao. Asiyelielewa hilo huandaa mbio moja, akagombana na kijiji, akabaki na fulana sitini chumbani.

Miguu na soko lake

Tuanze kwa kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa. Marathoni ni kilomita 42.195. Mbio zozote zinazozidi hapo huhesabiwa kuwa za masafa ya kupindukia: kilomita 50, 100, au maili 100 ambazo ni kama kilomita 161. Nyingi hukimbiwa milimani na msituni, na mshiriki huweza kuwa njiani mchana kutwa na usiku kucha.

Tanzania ina jina kubwa kwenye marathoni. Septemba 2025 jijini Tokyo, Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia kwa saa 2:09:48, muda uleule na Mjerumani Amanal Petros aliyekuwa wa pili; waliachana kwa sehemu za mia za sekunde kwenye utepe. Huko kuna zawadi nono, makocha na mawakala. Mbio za kupindukia ni ulimwengu mwingine. Zawadi za fedha ni chache, watazamaji ni wachache zaidi, na wengi wa washiriki hulipa wao wenyewe ili wapewe nafasi ya kuteseka. Hapo ndipo palipo na siri ya biashara yake. Hela inatoka kwa anayekimbia, na analipia mambo matatu: aonyeshwe mahali ambapo peke yake asingefika, alishwe njiani, na arudi mzima. Ukiweza kumpa hayo matatu, hata uwe mkimbiaji wa kawaida, una mradi. Usipoweza, kasi yako haimsaidii mtu.

Dereva wa treni na pauni moja

Mbio za kupindukia kongwe kuliko zote zinazoendelea hadi leo ni Comrades ya Afrika Kusini, takriban kilomita 90 kati ya Durban na Pietermaritzburg. Watu wengi hawajui kwamba mizizi yake ipo kwenye ardhi yetu.

Vic Clapham alikuwa dereva wa treni. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuja, alijikuta askari katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, akitembea kwa miguu umbali unaotajwa kufikia kilomita 2,700 akilifukuza jeshi la kamanda Mjerumani Lettow-Vorbeck. Vita hivyo Tukuyu inavikumbuka. Wakati ule mji uliitwa Neu Langenburg, na Mei 1916 ulitwaliwa na kikosi cha Waingereza cha Jenerali Northey kilichotokea kusini.

Clapham aliporudi nyumbani alitaka kumbukumbu ya wenzake waliokufa, na hakutaka sanamu. Alitaka mbio ndefu zitakazomkumbusha mtu mateso yale. Aliomba ruhusa kwa chama cha askari wastaafu, akakataliwa. Aliomba tena, akakataliwa tena. Mwaka 1921 walimkubalia, wakampa pauni moja ya gharama, tena ya kurudisha. Tarehe 24 Mei mwaka huo walijipanga wakimbiaji 34, wakamaliza 16, na mshindi Bill Rowan alitumia saa 8 na dakika 59. Leo Comrades hukusanya maelfu ya watu kila mwaka.

Kuna mafunzo mawili hapa, na la kwanza huonekana upesi: Clapham hakuacha treni ili awe mwandaaji wa mbio. Aliukuza mradi pembeni ya kazi yake. La pili halisemwi sana. Zile kilomita 2,700 hazikutembewa na askari peke yao. Nyuma ya kila kikosi kulikuwa na wapagazi wa Kiafrika, waliobeba unga, risasi na majeruhi, na waliokufa kwa makumi ya maelfu kwa njaa, kuhara na uchovu. Wao hawakuandaliwa mbio za kumbukumbu. Anayetaka kujenga mradi wa mbio katika nchi hii akumbuke jambo hilo kabla ya kuchora ramani.

Mgumu wa Mbahe

Simon Mtuy alizaliwa Mbahe, kijiji cha mteremkoni Kilimanjaro. Alianza kama wengi wa pale wanavyoanza: kubeba mizigo ya watalii. Wapagazi wa Kilimanjaro huitwa wagumu, na ugumu wenyewe si wa kusimuliwa. Mtu hupanda na mzigo kichwani, hufika kambini kabla ya mgeni, husimamisha hema na kuteka maji. Mtuy alipanda ngazi akawa muongoza wageni, na kati ya safari na safari akawa anakimbia. Alikwenda Marekani kushiriki Western States, mbio za maili 100 zilizozaliwa baada ya Gordy Ainsleigh kuikimbia kwa miguu mwaka 1974 njia ya mashindano ya farasi. Mwaka 2006 Mtuy alipanda na kushuka Kilimanjaro kwa saa 9 na dakika 21, akiwa amebeba mwenyewe chakula chake na maji yake.

Rekodi za mlima ule zimeendelea kuvunjwa. Mwaka 2014 Karl Egloff alikwenda na kurudi kwa chini ya saa 7. Rekodi ni mali isiyokaa. Kilichokaa ni kile Mtuy alichokijenga pembeni yake: kampuni ya kupandisha wageni mlimani, na mbio za hatua zinazouzunguka mlima kwa siku kadhaa, mkimbiaji akipita vijijini, mashambani na msituni badala ya kukimbilia kileleni tu.

Tazama alichouza. Asingeweza kuuza saa 9 na dakika 21. Hakuna mgeni anayeweza kuzinunua. Aliuza vichochoro vya uchagani ambavyo aliviparamia tangu utotoni, na uenyeji wa mtu aliyezaliwa hapo. Mgeni mwenye hela angeweza kununua ramani ya njia zilezile, lakini ramani haisalimiani na wenye mashamba.

Jirani zetu wa Malawi walifanya kitu kinachokaribiana na hicho. Kwenye Mlima Mulanje, tangu mwaka 1996 zipo mbio za wapagazi, zaidi ya kilomita 20 za kupanda na kuteremka mawe. Mwanzoni walioruhusiwa ni wapagazi na waongoza wageni pekee, watu wanaoupanda mlima kwa ujira. Baadaye zikafunguliwa, na wageni wakaja kupimana nguvu na wenyeji. Wenye njia walitangulia, wageni wakafuata.

Nani mwenye njia Rungwe?

Simama saa moja asubuhi siku ya soko kwenye mteremko wowote unaoelekea Kiwira. Mvua imenyesha usiku. Udongo mweusi umelowa, na katikati ya njia umekuwa utelezi mtupu, kwa hiyo watu wamechimba vikanyagio pembeni, kila kimoja upana wa kisigino. Mama anapanda na mkungu wa ndizi kichwani, mkono mmoja umeshika mkungu na wa pili umeshika kanga. Hatazami chini. Mguu unajua kikanyagio kilipo. Nyuma yake kijana anateremka na dumu la maziwa, anawahi kituo cha kukusanyia kabla gari halijaondoka. Wanapokutana, kijana ndiye anayejibanza kwenye majani, kwa sababu anayepanda na mzigo ndiye mwenye haki ya njia.

Sasa waingize hapo wakimbiaji thelathini wenye namba vifuani, wanateremka kwa kasi huku wakipiga kelele za "pisha, pisha!" Mkungu ukianguka, nani atalipa? Vikanyagio vikibomoka, nani atachimba vingine? Maziwa yakichelewa, hasara ni ya nani?

Mimi nashauri hivi: kabla hujawaza washiriki, andika orodha ya watumiaji wa kila kipande cha njia na saa zao. Wachuma chai huingia shambani mapema na hawataki kusumbuliwa wakiwa kwenye mistari. Watoto wa shule hujaa barabarani kabla ya saa mbili. Siku za soko huziwezi, zikwepe. Njia ya kwenda kwenye chungu cha mawe cha Kijungu hupita eneo la Chuo cha Magereza Kiwira, na watu ishirini wenye kaptura hawaibukii hapo bila taarifa. Mlima Rungwe wenyewe ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na kuingia kuna kibali, ada na mwongozaji.

Msitu nao una wakazi wake. Mwaka 2003 watafiti walimthibitisha kule kipunji, kima ambaye sayansi ilikuwa haimjui, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Waliowadokeza watafiti habari zake ni wawindaji wa vijiji vya mlimani. Wao walikuwa wakimfahamu siku nyingi. Mwandaaji mwenye busara hapitishi spika za muziki kwenye makazi ya mnyama adimu kiasi hicho, na akitaka kujua wapi asipite, awaulize wazee walewale.

Hesabu kwenye daftari

Umbali wa ramani hudanganya milimani. Wenye mbio hizi wana kanuni rahisi: kila mita 100 za kupanda, ongeza kilomita moja. Njia ya kilomita 30 yenye kupanda mita 1,500 ina uzito wa kilomita 45. Kutoka mjini Tukuyu hadi kilele cha Rungwe unapanda zaidi ya mita 1,400, yaani kabla hujahesabu hatua ya kwanza umeshajiongezea zaidi ya kilomita 14. Mwambie mshiriki ukweli huo anapojiandikisha. Aliyezoea barabara ya lami atafikiri ni mbio za saa tatu, na saa ya nne itamkuta porini amemaliza maji.

Fedha nazo ziandikwe. Chukua mfano wa kukadiria: wakimbiaji 20, kila mmoja shilingi 40,000, unapata 800,000. Waongoza njia watano kwa 30,000 ni 150,000. Chakula na maji, 200,000. Gari la dharura na mafuta, 180,000. Muuguzi na sanduku la dawa, 100,000. Utepe, chaki na namba, 60,000. Jumla 690,000, unabaki na 110,000. Toa 60,000 kwa mfuko wa kijiji. Mkononi unabaki na 50,000, na hapo hatujagusa ada za hifadhi, ambazo ni vizuri mshiriki azilipe mwenyewe moja kwa moja.

Elfu hamsini kwa miezi mitatu ya maandalizi haimlishi mtu. Kwa hiyo usiache kufundisha, wala usikate migomba. Mradi huu kwa miaka ya mwanzo utajilipia wenyewe na kukujengea jina, na jina ndilo huleta kazi zenye hela: kuongoza vikundi vidogo katikati ya wiki, kuandaa kambi za mazoezi kwa watu wa Mbeya na Dar es Salaam, kuwapokea wageni wanaotaka wiki nzima ya kukimbia kati ya Ngozi na Matema. Mbio za mwaka mara moja ni tangazo, mkate upo kwenye hizo kazi ndogondogo.

Nimeweka chakula 200,000 kwa makusudi. Vitu vya kopo kutoka mjini viache. Mkimbiaji wa saa saba anahitaji wanga na chumvi, na Rungwe imejaa vyote: ndizi mbivu, viazi vitamu vya kuchemsha, magimbi, karanga, uji. Akimaliza mpe mbalaga ya moto, yaani ndizi za kupika. Chumvi isisahaulike, kwa kuwa mtu anayekunywa maji matupu kwa saa nyingi huku akitoka jasho huweza kushusha chumvi ya damu hadi achanganyikiwe, na asiyejua atazidi kumpa maji. Kikundi cha akina mama wa kijiji kikipewa zabuni ya kituo cha chakula, siku hiyo mbio zinakuwa zao. Watakulindia alama zako za utepe kuliko askari yeyote.

Kumrudisha kila mtu

Mjini Mbeya zimekuwapo kwa miaka kadhaa mbio za Tulia Marathon, zilizoasisiwa na Dkt. Tulia Ackson, mzaliwa wa Tukuyu, kuchangia elimu na afya. Mbio za aina hiyo hufanyika barabarani, zikiwa na polisi, magari na simu zenye mtandao kila kona. Milimani hakuna hata kimoja kati ya hivyo, na mwandaaji hubeba mzigo wote.

Kwa hiyo panga kati ya Juni na Oktoba, wakati wa ukavu, ukijua kwamba Juni na Julai baridi ya juu ni kali. Mvua ikimkuta mtu aliyechoka juu ya mita 2,500 akiwa na fulana nyepesi, mwili hupoa haraka kuliko anavyodhani. Koti la mvua liwe sharti, na asiye nalo asianze. Weka saa ya mwisho kwenye kila kituo, na anayechelewa arudishwe hata akilia. Weka mtu wa mkiani anayetembea nyuma ya wote. Waambie Hospitali ya Makandana kuwa siku fulani mna shughuli. Jioni hesabu vichwa dhidi ya daftari, jina kwa jina, na usimpe mtu yeyote medali kabla hesabu haijatimia.

Taratibu za serikali si ngumu kama zinavyoogopwa. Anza kwa afisa michezo wa halmashauri. Yeye atakuelekeza kwa chama cha riadha na kwenye vibali vinavyohitajika. Lakini kibali cha wilaya hakitakufaa kitu kama kijiji hakikutaki. Kikao cha kijiji ndicho chenye neno la mwisho kwenye njia zake, hata kama hakuna sheria inayotamka hivyo.

Wewe unayesoma sura hii na raba zako zikiwa bado na tope, Jumamosi ijayo usikimbie. Itembee njia yako polepole, umsalimie kila unayemkuta, umuulize anapita saa ngapi na amebeba nini. Kisha nenda kwa mtendaji wa kijiji uombe nafasi kwenye kikao, ueleze unachotaka kufanya na kijiji kitapata nini. Wakikukatalia, rudi tena mwakani, kama Clapham. Wakikukubalia, waulize nani kati yao atakuwa muongoza njia wa kwanza, na mkubaliane ujira wake kabla hujachapisha hata fulana moja.